Mbwa watano, gari moja, na rafiki nisiyejua nimwambieje

Shangazi habari za siku, naomba jina langu usilitaje. Mi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Bweyogerere, nina kaduka ka simu na mobile money. Nimekulia kambini maana baba alikuwa mwanajeshi, na huyu rafiki ninayetaka kukueleza habari zake, nimwite Zai, nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka yetu, ndo maana mpaka leo mi na yeye tunaongea Kiswahili tu hata tukiwa katikati ya Kampala.

Zai anauza spea za magari kule soko la Kisekka, Kampala. Ni mtu wa mikono, kitu kikiharibika hakuiti fundi, anakifungua mwenyewe. Mwaka jana tulichanga, mi milioni 13 na ye milioni 13, tukanunua HiAce kuukuu, tukang'oa viti vya nyuma, seremala akatutengenezea kitanda cha mbao chenye droo chini, tukaweka jiko dogo la gesi na mtungi wa maji wa lita 40, mapazia alishona mama mdogo. Hii ni ndoto yetu tangu tuko senior two, kuzunguka Uganda yote tukilala njiani, bila hoteli, bila kumwomba mtu kitanda. Tunaondoka tarehe 27 mwezi wa 12, wiki tatu. Masaka, Mbarara, Kabale tukalale ziwa Bunyonyi, alafu Kasese kupitia mbuga ya Queen Elizabeth, Fort Portal, mbuga ya Murchison, turudie Karuma twende Mbale mpaka Sipi ndo turudi nyumbani. Ramani niliichora mimi, iko kwenye mlango wa friji yangu, kila asubuhi nikichukua maziwa naiangalia.

Sasa mbwa. Mi nina mmoja, anaitwa Askari, ana miaka 11 na jicho moja limeanza kuingia ukungu. Zai ana wanne, Tausi, Chapati, Bosi na kale kadogo Sukari, wote aliwaokota barabarani, Sukari alimtoa kwenye mtaro mvua inanyesha. Anawapenda kupita kiasi. Na kwa Zai wote watano lazima waje, hakuna mjadala, kila nikitaja safari ananiambia "sisi saba".

Mwezi wa 8 tulienda kujaribu gari, usiku mbili Nabugabo. Shangazi, usiku wa kwanza ulikuwa mzuri mno, ziwa limetulia, tunakunywa chai nje. Asubuhi Bosi akakimbiza mbuzi za watu akang'ata mmoja mguu, tukalipa laki na nusu na kuomba msamaha mbele ya wazee. Hilo nililimeza.

Kilichonikaa rohoni ni cha kurudi. Jumapili saa saba mchana tukasimama Lukaya tule muchomo. Wale vijana si unawajua, kabla gari halijasimama wameshajaa kwenye kioo na vijiti vya nyama na gonja, zile ndizi za kuchoma. Zai akasema tuwafungie mbwa ndani, tuache vioo wazi nafasi ya vidole viwili, ni dakika tano tu. Tukaenda kukaa. Akatokea mteja wake wa Masaka, wakaanza habari za gearbox, dakika tano zikawa kama nusu saa. Mi ndo nilirudi wa kwanza. Nilipofungua mlango wa nyuma joto lilinipiga uso kama nimefungua tanuri la mkate. Wale wanne wanahema ndimi nje, wananikanyaga wanatoka, Askari hatoki. Alikuwa amelala ubavu chini ya kitanda, ulimi mwekundu umevimba, mate mazito kama uji, macho yako wazi lakini hayanioni. Nilipiga kelele sijui hata nilisema nini. Zai akaja mbio, akammwagia maji yetu yote, akavua mtandio wake akauloweka akamfunga nao tumboni, tukawasha gari vioo vyote chini tukageuza kurudi Masaka kwa daktari wa wanyama. Akawekewa drip, jioni akasimama.

Tuko njiani kurudi Kampala, giza limeshaingia, Zai akasema "usikuze mambo, mbwa amepona". Basi. Mpaka leo hatujawahi kuliongea tena. Mtandio bado uko kwenye gari, umening'inia kwenye ndoano nyuma ya kiti cha dereva, hakuna aliyeutoa. Na Askari sa hii ukifungua mlango wa gari anasimama mbali, miguu inatetemeka.

Zai hasikii. Ye anaendelea na mipango kama hakijatokea kitu, juzi alikuwa anapima droo ingie gunia la chakula cha mbwa. Nimemuuliza kadi za chanjo kwenye WhatsApp akanijibu "zipo zipo". Nikapendekeza kwa utani tuwaache wawili kwao, akanyamaza. Kwao ni Bombo, mama yake ni mtu wa dini sana, tangu Zai aanze kulala na mbwa ndani ya nyumba mama haingii kwake, akija anamsalimia getini, wanaongea hapo hapo wamesimama, anaondoka. Kwa iyo Bombo haiwezekani.

Sasa kinachonifunga mdomo ni hiki. Mwaka 2021 ile lockdown ya pili, magari yamezuiwa, mama yangu alikuwa amelazwa. Zai alikuwa anaendesha baiskeli kila siku kutoka Kawempe na chupa ya uji wa mama na sahani yangu. Kila siku. Mama alipofariki, Zai alilala na mimi sakafuni wiki nzima, hakusema maneno mengi, alikuwa tu anaamka kabla yangu anachemsha maji. Mtu kama huyo namwambiaje mbwa wako wananiharibia safari?

Nimefikiria nimwambie achague wawili. Nimefikiria nijifanye naumwa ikikaribia. Kaka yangu anasema niuze share yangu ya gari nitulie, ati mbwa ni mbwa, na urafiki unaovunjwa na mbwa haukuwa urafiki. Zimebaki wiki saba. Shangazi nifanyeje?

Mwenye Askari, Bweyogerere

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Askari mwanangu, pole. Pole kwanza ya mama, maana naona bado mbichi, alafu pole ya ule mchana wa Lukaya. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nilishika kalamu nikawa napiga mstari chini ya maneno, acha nikuambie nilichokiona na pale nitakapokosea utanirekebisha mwenyewe.

Kwa nilivokuelewa, una rafiki wa tangu utotoni, mna gari nusu kwa nusu, mna ndoto ya miaka kama 18, kuna mbwa watano, na mmoja wao, mzee wa nyumba, alikaribia kufa mkiwa mnakula hatua chache kutoka alipo. Tangu siku hiyo mnapanga magunia na droo lakini lile jambo lenyewe halijaguswa. Na juu ya yote hayo una deni la wema ambalo ukilifikiria unaona huna haki ya kulalamika. Unaniuliza ufanye nini na mbwa wa Zai. Mi naona umefunga mizigo kama mitatu kwa kamba moja, ndo maana haibebeki.

Tuanzie pale uliposema Zai hasikii. Nimetafuta kwenye barua mahali ulipomwambia, sijapaona. Ulimuuliza kadi kwa WhatsApp. Ulitaja kuwaacha wawili kwa utani. Lakini kwamba ulifungua ule mlango ukadhani Askari amekufa, kwamba ule mchana umekukaa rohoni mpaka leo, hilo inaonekana umeniambia mimi kabla hujamwambia yeye. Sikulaumu hata kidogo, kuna vitu vinatoka haraka kwa mtu usiyemwona. Ila kabla ya kusema mtu hasikii, je amewahi kuambiwa?

Na kingine, nakigusa taratibu maana najua kinauma. Pale Lukaya mlikuwa wawili. Zai ndo alisema dakika tano, ndio, na we ulikaa naye. Nahisi kuna kipande cha lile kosa unakiona ni chako, na pengine ni rahisi kidogo kumkasirikia Zai kuliko kukishika hicho kipande mkononi. Kama nimekosea niache. Kama sijakosea basi ujue hakuna kati yenu aliyefanya kwa roho mbaya. Watu wengi hawajui gari linavopanda joto. Nje ikiwa nyuzi 24 tu, siku ya kawaida kabisa kwetu, nusu saa baadaye ndani ya gari lililofungwa zinapita 40, na zile nafasi za vidole viwili kwenye kioo hazipunguzi karibu chochote. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, sasa akihema hewa ambayo yenyewe ni moto anajipoza na nini? Na mzee kama Askari anaanguka kabla ya wengine. Mlichofanya baadaye kilikuwa sawa, maji ya kawaida, upepo, na kukimbilia daktari wa karibu badala ya kusema tutafika Kampala. Kitambaa tu kisikae kimefungwa muda mrefu, kikishapata joto la mwili kinalifungia ndani, bora kuendelea kumwagia maji na kupeperusha.

Kwa iyo, saba au watatu au wawili, yeyote atakayepanda lile gari na mbwa akubali hili kabla funguo haijawashwa, kwamba gari likisimama mtu mmoja anabaki nalo kivulini milango wazi, mwingine anaenda kula, alafu mnabadilishana. Kuanzia Desemba mpaka Februari mvua zimekatika sehemu nyingi na jua la mchana linachoma. Ukimwambia Zai hilo peke yake, kabla hujafika kwenye idadi ya mbwa, utaona anavolipokea, na hapo utajua mengi.

Sasa ramani. Hapa ndo nilikaa sana. Umesema uliichora wewe, na imepita Queen Elizabeth na Murchison. Mwanangu, hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa nyumbani kuingia, hiyo ni kanuni ya mamlaka ya wanyamapori, na wana sababu. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa distempa ya mbwa uliingia kwa simba, ukaua kama thuluthi yao, na virusi vyenyewe vilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo jirani na mbuga. Hata ile barabara kuu ya Mbarara kwenda Kasese inakatiza mle mle ndani ya Queen, inavuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, hapo si mahali pa kuteremsha mbwa akojoe. Na Karuma wale nyani wa kando ya barabara wamezoea kupewa chakula, wanakuja mpaka kwenye kioo, nyani dume ana meno ya kumpasua mbwa.

Kwa iyo kwa ramani ile ya kwenye friji, mbwa hawana pa kukaa. Sio wa Zai tu, hata Askari. Ndo nakuuliza, ulipokuwa unachora, Askari ulimwona yuko wapi zile siku za mbuga? Ama ulikuwa unachora ile ndoto ya senior two, ya wasichana wawili na tembo, kabla kuna mbwa yeyote? Hiyo ndoto ni nzuri na una haki nayo. Lakini Zai akisema "sisi saba" naye ana ndoto yake, na kwenye ndoto yake nadhani hakuna tembo, kuna ziwa na mbwa wanakimbia ufukweni na mtu hamwambii awatoe. Inawezekana mmenunua gari moja mkiwa na safari mbili, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake ya kwake. Hilo sio baya. Ila kama ndivyo, kubishana wawili au wanne hakutafika popote.

Tuangalie njia unazoniambia, na nyingine ambazo hujazitaja.

Mnaweza kwenda wote saba na kubadilisha ramani. Mbuga zitoke, yabaki maziwa na milima. Nabugabo mnapajua. Bunyonyi hakuna mamba wala kiboko, tofauti na kingo za Nile na Ziwa Victoria ambako mbwa asiachwe kuogelea hovyo, ila usiku kule juu karibu mita 2,000 ni baridi kweli, Askari atahitaji blanketi. Sipi na Jinja pia. Kila mahali mpige simu kwanza mseme ni mbwa watano, maana kempu inayokubali mmoja inaweza kuwakataa watano getini usiku. Hatari yake ipo, na Bosi ameshaionyesha. Mbwa watano sio mbwa mmoja mara tano, wakiwa pamoja wanakuwa kundi, mmoja akiona mbuzi wote wameona. Na kule Kabale kila kipande cha mlima kina shamba la mtu na mbuzi wa mtu. Kila mbwa kamba yake, na mikono yenu ni minne tu. Na we utakuwa umewaacha tembo wako, usijifanye hilo si kitu, maana ukijifanya litakuja kutoka siku ya tisa mkiwa mmechoka mnabishania sufuria.

Mnaweza kuacha baadhi. Hapa swali la kwanza silipeleki kwa Zai, nalipeleka kwako. Askari mwenyewe anataka kwenda? Ana miaka 11, jicho halioni vizuri, na umeniambia akiona mlango wa gari miguu inatetemeka. Nimejiuliza mbona unapohesabu mbwa wa kubaki humhesabu. Sisemi abaki, we ndo unamjua, kuna mbwa wazee ambao kuachwa wiki tatu na mtu mgeni kunawamaliza kuliko barabara. Pengine wiki hizi saba mngeanza tu kumlisha karibu na gari, alafu mlangoni, alafu ndani gari limezimwa, muone anajibu nini. Kwa wale wanne, kubaki kwenye nyumba yao wenyewe na mtu wanayemjua ni salama kuliko kupelekwa kwa watu, mbwa wa kuokotwa akihamishwa anatafuta uwazi wa kutoroka. Na mtu huyo ajaribiwe usiku mbili tatu kabla. Gharama yake mgawane au la, hilo nalo litaongelewa.

Kuna ya katikati pia, wiki ya kwanza wote saba mpaka Bunyonyi mrudi, mbwa wapumzike nyumbani, alafu nyie wawili mwende mbugani siku chache. Mafuta yatapanda, na kurudi Kampala katikati kunaweza kuua hamu. Ama safari yote iwe siku tano tu mwaka huu.

Kuhusu kuuza share, kaka yako anakupenda na anataka utulie, namwelewa. Ila kuuza ni jambo la asubuhi moja na kulirudisha ni la miaka, na sijasikia popote kwenye barua yako kwamba gari hulitaki. Na kujifanya unaumwa, mwanangu, fikiria kitakachotokea. Zai atasikia unaumwa. Atakuja na uji. Utamwangalia vipi?

Chanjo nitaisema bila kuzunguka, maana hapo si mambo ya urafiki tena. Mbwa watano watapita vijiji ambako watoto wanakimbilia gari. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Mtu aking'atwa, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, alafu kliniki siku hiyo hiyo. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji kama mwezi kinga ijengeke, kwa iyo wiki saba zinatosha kama mtaanza wiki hii, zikibaki tatu hazitoshi. Na "zipo zipo" ya Zai usiichukulie kama dharau haraka hivo. Mbwa wanne, chanjo, dawa za kupe na minyoo, ni pesa, na biashara ya spea ina miezi mibaya. Labda hazipo na anaona aibu. Mwambie Jumamosi nampeleka Askari kwa daktari, tupitie tuwachukue wote, na papo hapo mumuulize kuhusu kibali cha kusafirisha mbwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Sasa lile deni. Umeandika kuhusu baiskeli na uji mistari michache tu lakini nahisi barua nzima imesimama juu yake. Nakuuliza, unadhani Zai alipokuwa anapanda ile baiskeli kutoka Kawempe alikuwa ananunua kitu? Alikuwa ananunua kimya chako cha mwaka 2025, 2026? Sidhani, kwa jinsi ulivomweleza. Ila sijui yeye anahesabu vipi, na we pia hujui, mnajuana sana mpaka mmeacha kuulizana. Ninachokiona ni kwamba umeanza kumlipa kwa kunyamaza, na ukinyamaza unakuwa mbali naye, na mtu aliyelala na wewe sakafuni wiki nzima nadhani umbali huo anauona hata kama hausemi.

Kuna jambo moja naomba ulibebe unapoenda kuongea naye. Mama yake anamsalimia getini. Sitamhukumu yule mama, kwenye dini yake wamefundishwa mate ya mbwa ni najisi, chombo kioshwe mara saba na moja iwe kwa udongo, mama anayeswali mara tano kwa siku akiona mbwa wanalala ndani ana sababu yake ya kusimama nje, na pengine naye akirudi Bombo analia. Lakini kwa Zai ina maana kwamba mtu anayempenda kuliko wote duniani amesimama nje kwa ajili ya wale mbwa. We ukimwambia "waache wawili", we unaongelea nafasi ya droo. Yeye anaweza kusikia mtu wa pili amesimama getini. Kile kimya chake siku ile ulipotania, mi nadhani kilitoka huko. Kwa iyo pengine usianze na idadi. Anza na Askari, anza na ulivoogopa, mwonyeshe ramani umwulize yeye angechora vipi, uache karatasi tupu mezani na kalamu.

Na usiongee naye dukani kwake watu wanapita, wala kwenye simu. Umeniambia alisema "usikuze mambo", na hilo neno limekukaa kama mwiba. Lakini saa kadhaa kabla, siku hiyo hiyo, binti wa yule mama wa Bombo alivua mtandio wake mwenyewe barabarani Lukaya, mbele ya wale vijana wote wa muchomo, akamfunga nao mbwa wako tumboni. Umeliandika haraka ukapita. Mi sikuweza kupita. Huo mtandio uko kwenye ndoano mpaka leo, na hakuna kati yenu aliyeweza kuutoa. Siku mtakayoosha gari, nenda ukautoe wewe, uufue na sabuni, uanike, ukiukunja kumpa kaa naye hapo hapo kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Askari akiwa karibu popote atakapochagua kusimama. Alafu uniandikie alisema nini.